Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuzikana na kusaidiana, wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi mliojiunga mwaka huu ambao leo mnaketi kwenye mkutano mkuu kwa mara ya kwanza: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na vumbi la barabara yetu.

Habari za fedha atazisoma mweka hazina. Idadi ya wanachama na mahudhurio viko kwa katibu. Mimi nimejipa yale yasiyoingia kwenye jedwali, na kuna mahali nitachukua muda mrefu. Mniwie radhi.

Mnaikumbuka Februari. Tulimwita Mjomba. Alikuwa kibarua wa zege, mpangaji wa chumba kimoja kule karibu na kisima, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne huku kwetu Chanika, Dar es Salaam. Misiba mingi ya chama hiki viti alibeba yeye, ingawa hakuwa mwanachama, kwa sababu katiba yetu wakati ule ilisema mwanachama ni mwenye nyumba au mwenye kiwanja. Asubuhi moja hakuamka. Polisi walipofika wakauliza jina lake kamili, tukabaki tunatazamana. Uani palikuwa na watu zaidi ya ishirini, wote tukimwita Mjomba, na hakuna aliyejua jina la baba yake wala kwao ni wapi. Simu yake ilikuwa na namba ya siri.

Tulihangaika siku mbili. Aliyetutoa gizani ni mama muuza uji. Alikumbuka kwamba kila mwisho wa mwezi marehemu akishakunywa uji hunyoosha moja kwa moja kwa wakala kutuma pesa. Polisi wakaenda kwa wakala, namba ikapatikana, akapokea dada yake aliyeko Kibondo. Kusafirisha jeneza hadi Kigoma kulikuwa nje ya uwezo wao, akaomba tumzike huku. Tukamzika. Dada mwenyewe alifika siku ya nne, akakaa mkekani na akina mama, akaanza kuuliza. Alikuwa anasali wapi? Alikuwa na mtu? Kile kikohozi chake kilipona? Ni maswali ya kawaida ambayo jirani hujibu bila kufikiri, na sisi hatukuwa na la kumjibu.

Simlaumu mtu. Kutoka mlango wangu hadi kile chumba ni mwendo wa kumaliza salamu mbili.

Baada ya hapo ndipo lilipozaliwa daftari. Kila kaya, ya mwenye nyumba au ya mpangaji, inaandika majina matatu ya mtu mzima, kwao, na simu za ndugu wawili. Wazo la kwanza lilikuwa tuyakusanye kwenye kundi la WhatsApp. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akatukumbusha kuwa nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na namba za ndugu za watu si za kurusharusha. Alisema kweli. Daftari ni la karatasi, liko kwenye sanduku la bati kwa katibu, na hufunguliwa pakiwa na viongozi wawili. Wapo ambao hadi leo hawajaandika. Siwataji, wanajijua.

Kutoka kwenye daftari tukafika kwenye katiba, na hapo hapakuwa na amani. Mkutano wa dharura wa Machi ulianza saa nne asubuhi ukaisha jua linazama. Hoja ya waliopinga wapangaji kuingia ilikuwa na uzito: mpangaji leo yupo, kesho kahama. Atachangiwa akifiwa, halafu sisi wa kudumu tubaki na deni. Nataka kumbukumbu zionyeshe kwamba mwenyekiti wenu alikuwa upande huo. Niliyegeuza shingo ni mimi, baada ya mzee wetu mmoja, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi, kusimama na kusimulia.

Mzee alituambia jinsi ilivyokuwa TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960. Mgeni akilala kwako, balozi anajua. Ukitaka barua, unaanzia kwake. Ukigombana na mkeo usiku, asubuhi yuko mlangoni. Alikiri pia kwamba utaratibu huo ulikuwa jicho la chama tawala na wapo walioumia nao. Lakini, akasema, nyumba kumi ni idadi ambayo kichwa cha mtu mmoja kinaweza kuibeba. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa chama chake, na huku kwenye viwanja vipya wengi hawajawahi hata kumwona. Serikali ya mtaa ipo, nayo tunaishukuru, ila mwenyekiti mmoja wa mtaa na maelfu ya watu atagonga mhuri tu, kutufahamu hataweza. Tazameni hesabu za sensa: mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012. Mwaka 2022 wamefika 5,383,728. Milioni moja na zaidi ndani ya miaka kumi, wengi wao kwenye vyumba vya kupanga, na kila aliyehamia amepita mlangoni kwa mtu. Mzee akamalizia, "Mimi nilikuwa namwandika mgeni ili nimripoti. Nyinyi mwandikeni ili mmzike." Akakaa chini, na kura ikapigwa.

Tulikubaliana mpangaji awe mwanachama kamili akishalipa ada ya miezi mitatu, aruhusiwe kugombea uongozi, na akihama asifutwe maadamu analipa na anaweza kufika msibani.

Sasa nakuja kwenye jambo linalohitaji idhini yenu, kwa sababu nilivunja kifungu hicho miezi miwili baadaye.

Mei mwanzoni kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua zikashuka kusini, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga, wilayani Kilwa. Siku hizohizo dereva wetu mmoja wa bodaboda, mpangaji, alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki Ruangwa. Ni Waislamu, mama alizikwa alasiri ileile. Kijana hapa hana pa kupita. Kuzunguka Iringa, Songea, Tunduru hadi Masasi ni safari ya siku na nauli ambayo hakuwa nayo. Alikuwa amejiunga katikati ya Machi, kwa hiyo miezi mitatu haijatimia, hana haki ya kitu chochote kwetu. Nilimkuta ameketi kizingitini, pikipiki imeegeshwa, kofia ya pikipiki bado ameivaa.

Niliamuru turubai lifungwe. Kabla ya Isha lilikuwa uani kwao, mikeka imetandikwa, kisomo kikasomwa kwa siku tatu kama vile maiti imetokea nyumba hiyo. Wakristo wetu ndio waliochota maji na kuosha vyombo. Watu walikuja kumpa mkono wa pole mtu ambaye asubuhi yake walikuwa wakibishana naye nauli ya shilingi elfu moja. Naomba mkutano huu uidhinishe matumizi yale. Mkikataa, nitayarudisha kutoka mfukoni mwangu, na nitasema tena kwamba ningefanya vilevile.

Jioni hiyo ilinifundisha jambo jingine, nalo lilikuja kwa bahati. Mtunza stoo wetu alikuwa amesafiri, na ufunguo aliuacha kwangu. Mimi mguu ulikuwa unaniuma. Aliyekuwa karibu ni fundi cherehani, mama mpangaji, ambaye tulimpokea Aprili kwa soda, makofi na hotuba yangu ndefu, kisha hatukumwona tena. Nikampa ufunguo. Akahesabu viti 150 akitoka navyo, akavihesabu akivirudisha, akagundua kwamba masufuria mawili ambayo kwenye orodha yetu yapo, stoo hayapo. Tangu siku ile hajakosa kikao hata kimoja. Nilimuuliza kwa nini zamani hakuwa anakuja. Akanijibu, "Mama mwenyekiti, nilikuwa naja kufanya nini?"

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maisha yangu yote nimeisikia ikitumiwa kumfukuza mgeni kwa adabu. Sasa naisikia vingine: kumnyima jembe ndiko kumwambia kwamba wewe bado si wa hapa. Kuanzia Juni tuliacha soda. Kila anayejiunga anapewa kazi ndani ya wiki mbili, ndogo lakini ya kweli, ambayo asipoifanya itaonekana. Mwingine anaandika rambirambi, mwingine anawajulisha wazee wasio na simu, mwingine anapitia mfereji kuona kama umeziba. Wengine wamezikimbia kazi hizo. Sikusema kila mtu atafurahi.

Hapo nawageukia wenzetu wanaoishi kwenye nyumba za mageti. Wanalipa ada vizuri kuliko sote, kwa simu, tarehe moja. Kufika hawafiki. Mwaka huu mwanachama mmoja alilipa faini za kutohudhuria za miezi kumi na miwili kwa mkupuo, Januari, na ujumbe wa adabu kabisa. Mweka hazina aliniuliza azipokee? Nikasema pokea, katiba haikukataza. Lakini nilicheka peke yangu njia nzima. Faini hiyo tuliiweka ili watu waje, imegeuka tiketi ya kutokuja. Napendekeza tuifute leo. Badala yake wenye mageti nao wapewe zamu. Yule bwana nimeambiwa ana gari kubwa, na jeneza letu huenda makaburini kwa gari la kukodi.

Kundi la WhatsApp sitalizungumzia sana. Tuligombana humo juu ya jogoo wa mtu, watu wawili wakatoka, mmoja amerudi. Sasa kundi ni la matangazo tu, na anayetaka kubishana aje kijiweni abishane akionekana uso.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27 uliwakuta wanachama wetu wawili wakigombea kwa vyama tofauti. Kanuni yetu ni ileile, sare ya chama cha siasa haivaliwi msibani wala mkutanoni, na wote wawili waliiheshimu. Oktoba tulipofiwa, walishika upande mmoja wa jeneza. Wapambe wao ndio walionuniana.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umetushinda. Tulianza vizuri, Agosti tulikuwa sita, Septemba tulikuwa watatu na mbwa. Kamati ya usafi ijieleze yenyewe.

Kuna badiliko moja dogo la fedha nalisema mimi, kwa kuwa linagusa utu. Wenzetu Waislamu huzika mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyohiyo. Wakristo husubiri ndugu. Utaratibu wetu wa zamani, saini tatu na benki, uliwafaa wanaosubiri tu. Mtu akifa Jumamosi jioni, Jumapili adhuhuri anazikwa, na mkono wa chama unafika Jumatatu kama mgeni aliyepotea njia. Sasa mweka hazina ana akiba maalumu ya simu inayotosha sanda, turubai na chakula cha siku ya kwanza. Inatolewa kwa kauli ya viongozi wawili, na risiti hufuata.

Mapendekezo mawili yaliletwa kwangu na nimeyakataa. Sababu zake ni hizi, ili mkutano unipinge ukitaka.

La kwanza, kila kaya ya mtaa ilazimishwe kujiunga. Haiwezekani. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inampa mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na ibara hiyohiyo inakataza kumlazimisha. La pili, tuanze kukopeshana. Vikoba ni vizuri, wengi wetu tumesomesha watoto kwa vikoba. Lakini tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kikundi cha kukopeshana lazima kisajiliwe kwa kazi hiyo, nasi tulisajiliwa kwa kuzikana na kusaidiana. Tena kuna hili: mtu anayedaiwa na jirani hukwepa njia inayopita kwa jirani. Nimeona nyumba zikizunguka mtaa mzima kukwepa genge moja.

Mwisho, uongozi. Muda wangu umekwisha na sigombei, magoti yamekataa na mjukuu amekuja. Fomu ziko kwa katibu. Kwa mara ya kwanza, wapangaji wawili wamechukua.

Masufuria mawili bado hayajaonekana. Anayejua yalipo ayarudishe usiku, hatutauliza. Ufunguo wa stoo msiutafute kwangu tena, uko kwa fundi cherehani, chumba cha tatu kutoka kisimani, na anafungua saa kumi na mbili asubuhi.

Mwenyekiti