Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Riwaya za Filamu na Wasomaji Wetu Wachanga

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtasomewa na mhazini, na ya uanachama yamo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo sitayarudia. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotugawa mwaka mzima: je, riwaya zinazoandikwa kutokana na filamu zistahili kuwamo katika orodha yetu ya vitabu vya watoto?

Wapo wenzetu wanaoziita makombo ya sinema. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Vitabu hivi havikuanza jana. Riwaya ya King Kong, iliyoandikwa na Delos W. Lovelace, ilitoka mwishoni mwa 1932, na filamu yenyewe ikaonyeshwa 1933. Ya Star Wars nayo ilitangulia: kitabu 1976, filamu 1977. Jaladani lilikuwa jina la George Lucas, ingawa aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Kabla ya kanda za video kuingia majumbani, mtoto aliyetaka kuirudia hadithi baada ya filamu kuondoka kwenye majumba ya sinema alikitegemea kitabu.

Leo filamu hurudiwa kwa kubonyeza kitufe tu. Basi kitabu cha nini? Mtoto anayesoma kwa kusuasua hulemewa na kazi mbili kwa mpigo: kuyatambua maneno, na papo hapo kujenga akilini watu na mahali asipopajua. Aliyekwisha kuiona filamu amepunguziwa kazi ya pili. Akikutana na neno gumu, anajua tukio linaelekea wapi, na mara nyingi maana huipata bila kamusi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Recht na Leslie, walichapisha matokeo ya kuwasomesha wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwangu mimi hoja ya “huko ni kudanganya, hadithi anaijua tayari” inaishia hapo.

Tena kitabu humpa kile ambacho filamu haikumpa. Kamera huonyesha uso. Sentensi huingia moyoni. William Kotzwinkle, katika riwaya ya filamu ya E.T. ya 1982, alimfanya msomaji ayajue mawazo ya yule mgeni kutoka anga za mbali. Aidha, waandishi wengi hufuata skripti kabla filamu haijakatwakatwa, ndiyo maana katika kitabu cha Star Wars mhusika mkuu, Luke, anakutana mapema na rafiki yake Biggs, tukio lisilokuwamo katika filamu iliyoonyeshwa. Mtoto akiligundua hilo huuliza: kwa nini waliliondoa? Anayeuliza hivyo ameanza uhakiki, na hakuna aliyemlazimisha.

Nakiri kwamba vingine vimeandikwa harakaharaka, mazungumzo ya skripti yamebandikwa tu na “alisema” katikati. Hivyo tuvikatae, kama tunavyozikataa riwaya nyingine mbovu.

Kamati inaleta mbele yenu hoja ya kufuta kifungu kinachozuia vitabu vya aina hii kuingia katika orodha yetu. Kila kimoja kitasomwa kwanza na wanachama wawili, na watoto wataulizwa maoni yao. Naomba muiunge mkono.