Laini ya kundi imesajiliwa kwa kidole cha nani?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana wa Mtwara na Lindi wanaoendesha mitandao ya kujitolea kwenye simu: ya matangazo ya kazi, ya masomo ya marudio, ya bei za ufuta na korosho, ya habari za mtaani. Wakikaa kikao, ajenda ya kwanza huwa "tutafute mfadhili". Sisi tunaona wanawahi mno. Mtandao hauuzwi siku ya kusaini mkataba mkubwa. Mara nyingi huwa umeshauzwa kitambo, kwa bando la mwezi mmoja na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu.

Tuanze na laini. Tangu usajili wa alama za vidole uanze, kila laini ina mwenyewe, na mwenyewe ana namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Namba ya kundi ikisajiliwa kwa kidole cha kijana mmoja, ni yake. Akipata kazi Dar, akinuniana na wenzake au akichukuliwa kwenye kampeni ya mtu, anaondoka nayo, pamoja na salio la michango lililomo na ukurasa wa Facebook uliofunguliwa kwa namba hiyo. Kundi la WhatsApp nalo lina tabia yake: aliyeliunda hawezi kuondolewa na admini mwingine, hata mkiwa admini kumi. Atatoka akitaka mwenyewe. Na laini ikilala miezi kadhaa bila kutumika, kampuni ya simu huifunga na kuiuza upya. Mgeni aliyeinunua ndiye atakayepokea ile namba ya uthibitisho mliyokuwa mkiisubiri ninyi.

Kikundi chenye cheti cha usajili kiulize kwenye duka la kampuni ya simu utaratibu wa kusajili laini kwa jina la taasisi. Ambao hawajafika huko, laini ikae kwa mtu asiyekuwa mweka hazina, na aandike barua ya kukiri kwamba ameshikishwa tu, nakala moja kwa mtendaji wa mtaa. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile PIN ya tarakimu 6, na barua pepe ya kurejesha akaunti iwe ya mtandao, si ya mtu. PIN hiyo waijue watu wawili. Akiijua mmoja mmerudi palepale. Wakiijua saba, hamna PIN. Jina la tovuti nalo lichunguzwe. Fundi aliyewatengenezea "kwa hisani" akilisajili kwa jina lake, siku atakapoacha kulipa ada ya mwaka tovuti itazimika, na ninyi hamtakuwa na hata haki ya kuuliza.

Sasa pesa. Kabla ya kuzitafuta, punguzeni mnachokula. Video moja ya MB 15 ikifunguliwa na wanachama 400 imekula GB 6 za vijana ambao wengi wananunua bando la siku. Tangazo hilohilo likiandikwa, au likisomwa kwa sauti ya dakika moja, halifiki MB 1 kwa kila simu. Mtandao unaoishi kwa maandishi na sauti hauhitaji mfadhili wa video, na huyo ndiye mfadhili anayekuja na masharti mengi kuliko wote.

Tuchukue mfano wa bajeti. Bando la admini watano, shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, ni 600,000 kwa mwaka. Tengeni 200,000 za tovuti na dharura. Jumla 800,000. Kudai shilingi 1,000 kila mwezi ni kujichosha: makato ya kutuma yanauma zaidi kwenye kiasi kidogo, na Machi mifuko ya huku imekauka, kila mtu anajua. Fuateni msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, lakini fedha za mnada hazifiki kwa mkulima siku ileile, kwa hiyo kusanyeni Desemba. Wanachama 100 kati ya 400 wakitoa 5,000, mna 500,000. Mwezi wa saba, ufuta ukishauzwa, 60 wakitoa 3,000 mna 180,000. Zinabaki 120,000. Hizo mnaweza kumwomba mwenye duka bila kumwogopa, maana akinuna mwakani mtandao hautakufa.

Kanuni yetu ni hii: mtu mmoja, kampuni moja au ofisi moja isitoe zaidi ya theluthi ya bajeti ya mwaka. Kwenye mfano huu, mwisho wake ni kama 266,000. Zikija zaidi, zipokeeni mkiweza kuzitenga kwa kitu kinachonunuliwa mara moja kikaisha, kama simu ya kundi, si kwa bando la kila mwezi. Kinachotegemewa kila mwezi ndicho kinachofunga mdomo.

Msaada wa vitu uandikwe kama pesa. Kwenye daftari pawe na mstari wa namna hii: "12/11, bando, duka la vifaa vya ujenzi, thamani 20,000, wametumia admini wawili." Bila mstari huo, mwisho wa mwaka mtaapa kwamba hamna mfadhili, kumbe kuna mtu amewalisha miezi minane. Daftari lipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi kila mwezi, pamoja na taarifa ya akaunti. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na pesa itoke kwa saini za wawili.

Mfadhili akija, karatasi moja inatosha: kiasi, kazi yake, mwisho lini, na asichokipata. Hapo pa asichokipata msione haya. Hasomi chapisho kabla halijatoka. Hawi admini. Hapewi orodha ya namba za wanachama. Hili la namba si ukali wetu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mwanachama ni taarifa yake. Alijiunga apate matangazo ya kazi, hakujiunga apigiwe na mgombea. Wakati wa uchaguzi ndiyo orodha hizo hutafutwa sana, kwa fulana na chai.

Kuna wanaotuuliza juu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutengea vikundi, ambayo 4 ni ya vijana. Ule ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na umekusudiwa kikundi chenye shughuli ya kuingiza kipato. Mtandao usiouza kitu ukikopa, marejesho yatatoka wapi? Mkiwa na mradi pembeni, mizinga ya nyuki au ubanguaji mdogo wa korosho, kopeni kwa ajili ya mradi na vitabu vyake vikae mbali na vya mtandao. Wanaochapisha habari waulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni mapema, kwa sababu ada yake ikiwapo inabadilisha bajeti yote tuliyoipiga hapo juu.

Tunaomba pia maofisa maendeleo ya jamii wa kata, wanapopitia katiba ya kikundi cha namna hii, waulize maswali mawili ambayo hatujayaona kwenye fomu: laini ya kundi imesajiliwa kwa kidole cha nani, na akiondoka inakabidhiwa kwa nani, ndani ya siku ngapi? Siku 7 zinatosha.

Wasimamizi wa kujitolea,
Shangani, Mtwara