Wifi yangu aandikiwe barua ya uongo ili tupate viza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya upili hapa Mombasa, naishi Kisauni na mume wangu na watoto watatu. Mwaka wa kumi na tisa huu nawapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu, nawasimulia Vasco da Gama alivyofika kwetu Aprili 1498, Wareno walivyoanza kujenga ngome mwaka 1593, na Waomani walivyowatoa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Habari hizo nazijua kama Alhamdu. Lakini huko walikotoka watu hao sijakuona. Safari yangu ya mbali kuliko zote ilikuwa Dar es Salaam, tena kwa harusi, nikarudi baada ya siku tatu.

Mwenzangu wa safari ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anauza leso Biashara Street, mwaka wa kumi na saba sasa, na ndiye aliyenipokea vizuri kuliko wote nilipoolewa. Siku moja, miaka mitano nyuma, nilikuwa nimekaa kibandani kwake nikamwambia kwamba neno leso tumelipata kwa Wareno, kama tulivyopata meza na bendera. Alikuwa akimkunjia mteja doti. Akaifungua tena, akaitazama pindo zote nne, akasema, "Basi wifi, twende tukawaonyeshe tulivyoifanya yetu." Tangu mwezi ule tunaweka elfu tano kila mmoja. Hatujakosa hata mwezi mmoja, hata mwaka ule aliofiwa na mumewe. Sasa tuna laki sita, na zote zimo kwenye akaunti yangu ya sacco, kwa sababu yeye mwenyewe alisema pesa ikikaa karibu naye itaishia kununua mzigo.

Shida ya kwanza ilikuwa nchi. Mimi nilitaka Ureno, kisha kusini mwa Uhispania, halafu tukirudi tupitie Muscat, ambako watoto wa mjomba wangu wanaishi na wangetupa mahali pa kulala. Wifi akaongeza Paris, Roma na Amsterdam, yote ndani ya wiki mbili na nusu. Nikamwambia tutaona viwanja vya ndege na vituo vya treni tu. Akanijibu neno ambalo bado liko moyoni: "Wewe una mshahara, unaweza kurudi. Mimi nikitoka ni mara hii moja." Sikuwa na la kumjibu, Shangazi, kwa kuwa ni kweli.

Tulikaa na ramani jikoni kwangu siku kadhaa. Nilidhani Lisbon na Madrid zimeunganishwa na treni ya usiku, unalala hapa unaamkia kule. Kumbe treni hiyo ilisimamishwa mwaka 2020. Hapo ndipo wifi alipoanza kuelewa kwamba kila nchi unayoongeza inakula siku nzima ya kusafiri. Akaiacha Amsterdam, kisha Roma, na mwisho Paris, ingawa Paris aliiacha kwa uchungu. Tukakubaliana Lisbon siku tano, ili tufike Belém lilipo kaburi la Vasco da Gama katika kanisa la Jerónimos; kisha Cordoba, nikauone msikiti mkuu ulioanza kujengwa karne ya nane, ambao sasa ni kanisa; kisha Granada, kwenye kasri la Alhambra. Mwisho Muscat, zilipo ngome mbili za Wareno juu ya majabali, ndugu za hii yetu. Nadhani unaona kwa nini safari hii nimeipenda hivi. Ni somo langu lote, nikitembea ndani yake kwa miguu.

Likizo yangu ni Agosti, na Agosti kule Cordoba joto hupita nyuzi 40, tena ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari. Wifi ana presha. Kwa hiyo hata hilo linanipa wasiwasi, lakini Desemba tutakosa mtu wa kumwachia kibanda, maana ndio msimu wake wa harusi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikuandikie.

Oman wana utaratibu wao wa viza. Ureno na Uhispania wanatumia viza moja ya Schengen, ambayo hufungua nchi 29, na ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudishwi. Unatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, alama za vidole, mpango wa safari, na ushahidi kwamba una pesa na una sababu ya kurudi nyumbani. Mimi nina barua ya mwajiri, hati za mshahara, na laki sita zinazoonekana kwenye taarifa ya akaunti. Wifi ana nini? Ana leseni ya kaunti ya kibanda, ana M-Pesa yake, na ana daftari.

Hilo daftari nataka nikueleze. Ni la kurasa mia mbili, limefunikwa kwa kipande cha leso kuukuu, limeandikwa kwa penseli. Nani kachukua doti ngapi, kalipa kiasi gani, kabakisha kiasi gani, tarehe gani. Deni likilipwa analikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Kuna madeni ya miaka sita nyuma yaliyokatwa mwezi uliopita. Kwa macho yangu ya mwalimu, sijaona hesabu safi kama ile.

Tulikwenda kwa wakala mmoja wa safari hapa mjini. Akaniangalia mimi, akasema sina tatizo. Akamwangalia wifi, akasema, "Huyu hapati hivi hivi." Akatupa njia. Atamwandikia barua kwamba ni meneja wa mauzo katika kampuni moja Nyali, na hati za mshahara za miezi sita. Pia tuhamishe laki tatu kwenye akaunti ya wifi kwa mkupuo mmoja, tuseme ni bonasi. Kazi yote elfu arobaini, na anataka jibu Ijumaa ijayo.

Wifi amekubali. Njiani kurudi, ndani ya matatu, hakunitazama. Tulipofika Buxton akasema, "Wifi, hao watu hawataki kujua daftari la muuza leso." Nikamwambia ukikamatwa na hati bandia utanyimwa, na rekodi ya ombi lako itakaa kwenye mfumo wao miaka mitano, kila balozi wa nchi hizo ataiona. Akasema nikinyimwa na hati bandia au nikinyimwa na daftari, si nimenyimwa tu?

Si sawa, Shangazi, lakini nimeshindwa kumweleza kwa nini si sawa bila kuonekana kwamba nazungumza kutoka upande wa mtu ambaye hati zake zimetimia. Na kosa lina mkono wangu. Laki tatu ni zake kweli, amezihangaikia miaka mitano. Zingekuwa kwenye akaunti yake tangu mwanzo, leo zingeonekana zikikua mwezi kwa mwezi. Mimi ndiye niliyezipokea zikawa chini ya jina langu, bila kufikiria kwamba siku moja jina litaulizwa.

Mume wangu anasema kila mtu aombe kivyake, atakayepata aende. Mama mkwe anasema nitangulie, wifi atafuata mwaka mwingine. Nikifikiria kusimama Belém peke yangu, na mwenzangu yuko Biashara Street akikunja doti, naona ni heri nisiende. Mume wangu anasema huo ni utoto.

Naomba unisaidie katika haya. Kuna njia ya mtu aliyejiajiri kuonyesha kazi yake ikaaminika? Nimefikiria tuweke taarifa za M-Pesa za mwaka mzima, leseni, marejesho ya kodi, picha za kibanda, taarifa ya sacco inayoonyesha michango ikiingia, na barua yangu nikieleza wazi kwamba nusu ya akiba ile ni yake. Inatosha, au tunakwenda kutupa yuro 90? Au tuiache Ulaya kwa sasa, twende Muscat sote wawili mwaka huu, huku wifi akijenga akaunti yake pole pole kwa ajili ya Lisbon? Na kama Muscat ndiyo njia, nimwambieje asihisi kwamba nimemwonea huruma?

Alhambra pia inanisukuma, maana tiketi hukatwa mapema kwa jina na nambari ya pasipoti, na siku za Agosti huisha haraka. Lakini siwezi kukata tiketi mbili nikijua moja huenda isitumike.

Alhamisi jioni wifi atakuja kwangu kula, kama kawaida yetu. Nimemwomba aje na daftari. Ningependa kuwa na jibu lako kabla hajafika.

Mwalimu,
Kisauni, Mombasa