Malalamiko kuhusu kuzuiwa kwa akaunti yangu baada ya kuondoka nchini

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Benki.

YAH: KUZUIWA KWA AKAUNTI YANGU YA MSHAHARA TANGU MKATABA WANGU WA KAZI ULIPOISHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekuwa mteja wenu kwa miaka 6. Nilifungua akaunti kwenu wiki ileile niliyoingia nchini kwa mkataba wa kazi, kwani mwajiri wangu hakuwa na njia nyingine ya kunilipa mshahara. Nilikopa kwenu, nikarejesha mkopo hadi mwisho bila kuruka mwezi. Leo ni mwezi wa 5 tangu nirudi kwetu, na sijaweza kugusa hata senti moja ya fedha zilizomo kwenye akaunti ile. Nimepiga simu mara 14. Nimetuma barua pepe 9, na zilizojibiwa zimejibiwa kwa maneno yaleyale, ila jina la aliyejibu ndilo linalobadilika. Ndiyo maana naleta suala hili kwako moja kwa moja.

Niruhusu nianzie siku niliyokuja tawini, maana hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Zilibaki wiki 3 nisafiri. Nilikuja na paspoti, kibali cha ukaazi, barua ya mwajiri ya kumaliza mkataba, na swali nililoliandika kwenye kikaratasi ili nisilisahau: mtu anayehama nchi aifanyeje akaunti yake? Dada aliyekuwa dirishani alinipokea vizuri na wala sina neno naye. Nilimweleza kwamba siwezi kuifunga akaunti siku hiyo. Kiinua mgongo changu kilikuwa kinaingia mwisho wa mwezi unaofuata. Mwenye nyumba angerudisha amana ya pango baada ya kukagua vyumba na kuona bili za mwisho za maji na umeme. Marejesho ya kodi ya mapato nayo hayaji mpaka mwaka wa kodi ufungwe. Aliyewahi kuhama nchi anajua kuwa fedha za mwisho huingia mwenyewe akiwa ameshaondoka.

Akaniambia, "Iache tu wazi, utaiendesha kwenye simu popote utakapokuwa." Akanipa fomu ya kubadili anwani, nikaijaza palepale, akaigonga muhuri na kunikabidhi nakala. Nakala hiyo nimeiambatanisha. Muhuri unasomeka vizuri, na tarehe yake pia.

Ambacho hakuniambia, na naamini hakuambiwa yeye pia, ni kwamba mfumo wenu unasoma tarehe ya mwisho ya kibali cha ukaazi na siku hiyo inapofika unaizuia akaunti wenyewe. Kibali changu kilikuwa kinaisha siku 10 baada ya safari. Tarehe hiyo mlikuwa nayo kwenye faili tangu kibali kilipohuishwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lenu, nyaraka zote mkononi, nikiuliza swali lenyewe, nikarudishwa nyumbani na jibu lisilo sahihi.

Siku ya 12 tangu nifike kwetu nilifungua programu yenu ya simu ili nione kama kiinua mgongo kimeingia. Programu ikaandika kuwa imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yangu, na saa ndogo ikaanza kuhesabu kutoka 60 kurudi nyuma. Laini ya simu ya huko nilikuwa nimeibandika kwa selotepu ndani ya jalada la daftari langu la safari ili isipotee. Niliibandua, nikaiweka kwenye simu ya zamani, nikakaa nikiitazama. Hakuna ujumbe ulioingia. Nilipojaribu mara ya tatu, programu ikajifunga. Baadaye kampuni ya simu ikanieleza kuwa laini ilisajiliwa kwa kibali changu, kibali kimekwisha, kwa hiyo laini imezimwa, na haiwashwi tena bila kibali kipya.

Basi nikawapigia nyinyi niombe mbadilishe namba ya simu. Mhudumu akaniambia kubadilisha namba inawezekana, ila mfumo lazima kwanza utume uthibitisho kwenye namba ya zamani. Nikamweleza kuwa namba ya zamani imekufa. Akasema, "Basi fika tawi lolote lililo karibu nawe ukiwa na kibali halali cha ukaazi." Ndugu Meneja, hamna tawi hata moja katika nchi ninayoishi. Na hata nikikata tiketi nije, nitaingia kwa viza ya mgeni; kibali cha ukaazi hupewa mwenye kazi au makazi huko, navyo sina tena. Mnanidai karatasi ambayo kuondoka kwangu kihalali ndiko kulikoiondoa.

Sigombani na sheria. Najua benki inawajibika kumjua mteja wake, na nimefanya kazi ya hesabu kwa muda wa kutosha kuelewa sababu. Pendekezo namba 10 la FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989 kupambana na utakatishaji wa fedha, linataka taarifa za mteja ziwe za kisasa. Hicho ndicho ninachowaomba mkifanye: pokeeni taarifa zangu za kisasa. Nimewatumia paspoti mpya. Nimewatumia na ile ya zamani iliyokatwa pembe, kurasa zote, kwa sababu namba imebadilika na nilijua mtauliza kama mwenye ile ndiye mwenye hii. Nimetuma bili ya umeme yenye anwani ninayoishi sasa na taarifa ya akaunti yangu ya hapa yenye jina langu kamili. Kila mara jibu ni moja: kibali.

Kuna jambo limeniumiza kuliko mengine. Mwezi wa 2 tangu niondoke nilipokea barua yenu iliyokuja kwa posta hadi hapa, ikinitaka nijaze fomu ya ukaazi wa kikodi. Fomu hiyo inatokana na utaratibu wa mwaka 2014 wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi wa kimataifa, ambao mabenki hutumia kutambua wateja wanaolipa kodi nchi nyingine ili taarifa za akaunti zao zifikishwe kwa mamlaka za kodi za nchi hizo. Niliijaza, nikaandika namba yangu ya mlipakodi, nikairudisha. Mkanijibu kwamba taarifa zangu zimehuishwa na mkanishukuru. Kumbe idara moja ya benki yenu imekubali bila kibali chochote kwamba nimehama, inajua ninakoishi, na barua yake imenifikia mlangoni. Idara nyingine, kwenye akaunti ileile, inasema haiwezi kunitambua. Naomba mtu mmoja ndani ya benki achukue mafaili haya mawili ayaweke meza moja.

Nilijaribu pia njia ya mwakilishi. Mfanyakazi mwenzangu wa zamani, ambaye bado yuko huko, alikubali kunisaidia. Nikaandaa hati ya uwakili kwa mthibitishaji, nikaipeleka kugongwa apostili, yaani cheti cha kuithibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine, kwa kuwa nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 na hati yenye cheti hicho haihitaji kupitishwa tena ubalozini. Mwenzangu aliomba ruhusa kazini nusu siku, akapanga foleni, akaambiwa benki inapokea hati iliyoandikwa kwenye fomu yake tu. Akaiomba fomu. Akaambiwa hutolewa kwa mwenye akaunti, akija mwenyewe. Alinipigia simu akiwa bado nje ya tawi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa kosa lisilo lake. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa pole.

Wakati huohuo makato ya kila mwezi ya kuendesha akaunti yanaendelea. Nimeyaona kwenye taarifa moja ya akaunti iliyopita kwenye barua pepe kabla nayo haijasitishwa. Mnanitoza kwa huduma mliyoizuia wenyewe. Na nina hofu kubwa zaidi: akaunti isiyofanyiwa muamala na mwenyewe kwa muda fulani huhesabiwa kuwa imelala, na katika nchi nyingi salio la akaunti iliyolala muda mrefu hatimaye hukabidhiwa serikalini kama fedha zisizo na mwenyewe. Mimi mwenyewe nipo, ninawaandikia. Sitaki ifike siku nikaambiwa kuwa nilinyamaza.

Fedha hizi ni jasho la miaka 6. Nilikuwa nimezipangia ada ya mwanangu na miezi ya kwanza ya kuanza maisha upya, wakati natafuta kazi. Ada nimeilipa kwa kukopa kwa dada yangu, na kila tukionana haniulizi, nami najua kwa nini haniulizi.

Ninachoomba hakina ugumu. Nitambueni kwa simu ya video, paspoti mkononi, au kwa afisa wa ubalozi, au kwa mthibitishaji mtakayemchagua nyinyi; gharama nitalipa. Baada ya hapo hamisheni salio lote kwenda kwenye akaunti yangu ya hapa, yenye jina lilelile herufi kwa herufi, ambayo IBAN na namba yake ya SWIFT, yaani namba za kutumia fedha kimataifa, zimo kwenye kiambatanisho. Fedha hazitapita kwa mtu mwingine yeyote. Makato ya benki za kati zitakazopitisha fedha njiani nitayabeba. Nirudishieni makato ya miezi yote ambayo akaunti ilikuwa imezuiwa. Ifungeni akaunti ikishabaki sifuri, mnipe barua ya kuthibitisha kuwa imefungwa na sidaiwi, maana barua hiyo nitaulizwa siku nyingine.

Na kwa wanaokuja nyuma yangu, naomba matawi yenu yawe na karatasi moja tu ya kumpa mteja anayesema anahama: akaunti itazuiwa lini, namba ya simu ya nje ibadilishwe vipi kabla hajaondoka, fomu ya uwakili asaini wapi, na akaunti ya kupokelea salio iandikishwe mapema akiwa bado mbele ya dirisha. Dada yule angekuwa na karatasi hiyo, tungemaliza kila kitu kwa robo saa.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, yenye jina na simu ya afisa atakayelishughulikia suala langu hadi mwisho. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko haya dawati la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha katika benki kuu ya huko, pamoja na fomu yenye muhuri wenu na orodha ya simu na barua pepe zote kwa tarehe.

Wenu,

Mwenye akaunti
(Jina kamili, namba ya akaunti na anwani vimo kwenye viambatanisho)

Viambatanisho: fomu ya kubadili anwani yenye muhuri wa tawi, nakala za paspoti ya zamani na mpya, hati ya uwakili yenye apostili, nakala ya fomu ya ukaazi wa kikodi na jibu lenu, taarifa ya akaunti yangu ya hapa yenye IBAN na namba ya SWIFT, orodha ya mawasiliano.