Kwako mdogo wangu, kabla hujaenda Kisutu

Mdogo wangu, habari za Tabata?

Umeandika kwenye kundi la familia kwamba Wahindu wanaona kila kitu ni Mungu, ndiyo maana wanavumilia dini zote. Sisi Wakristo tunamtenga Mungu na viumbe, ndiyo maana tunabishana na kila mtu. Hiyo "ndiyo maana" yako ndiyo imeharibu hesabu.

Unachokieleza ni Advaita tu, fundisho la Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8. Kwake Brahman, yaani uhalisi mkuu usio na umbo wala sifa, ndiyo pekee iliyopo kweli, na nafsi yako ya ndani kabisa si kingine ila hiyo hiyo. Kutengana tunakokuona kunatokana na kutojua. Wahindu wenzake hawakumwachia. Ramanuja alisema nafsi na ulimwengu ni halisi, ni kama mwili wa Mungu. Madhva, karne ya 13, akafundisha tofauti tano zisizofutika: Mungu na nafsi, Mungu na maada, nafsi na nafsi, nafsi na maada, maada na maada. Huyu na katekista wako wangekubaliana kwamba mtu hawi Mungu hata afanyeje. Wangeachana kwenye uumbaji, maana kwa Madhva nafsi hazina mwanzo, na kwa Mkristo vyote vimeumbwa pasipo kitu.

Na Mkristo naye hamweki Mungu mbali hivyo. Soma Matendo 17:28, Paulo akiwa Athene: ndani yake tunaishi.

Sasa uvumilivu. Katika Gita 9:23, kitabu kitakatifu cha Wahindu, Krishna ambaye ndiye Mungu anayezungumza humo anasema wanaoabudu miungu mingine kwa imani wanamwabudu yeye, ila si kwa utaratibu ulio sawa. Ni ukarimu, lakini anayeabudu kwingine ameshahesabiwa kuwa wake bila kuulizwa. Kanisa Katoliki, katika tamko la Nostra Aetate la 1965, lilisema halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na Yohana 14:6, Yesu anaposema yeye ndiye njia, halikuifuta. Kila upande unavumilia huku umeshika lake.

Kuhusu mwaliko wa mwenzako wa kazini kwenye hekalu la Kihindu la Kisutu: viatu unaviacha mlangoni. Wakati wa arati, taa ya samli huzungushwa mbele ya sanamu, kisha waumini hupitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Wewe simama tu kwa heshima, hakuna atakayekushangaa. Baadaye hugawiwa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu, na hapo 1 Wakorintho 10:28 inakugusa moja kwa moja: mtu akikuambia kimetolewa sadaka, usile. Kama dhamiri inakataa, unganisha viganja, inamisha kichwa, ushukuru kabla hawajakuwekea mkononi. Kinachoudhi ni kupokea halafu kuitupa nje.

Wali na dengu za ukumbini ni habari ya mstari wa 27 wa sura hiyo hiyo. Kula, na usianze kuulizauliza jikoni. Paulo mwenyewe amekukataza.