Kuzima feni hakuhitaji mfadhili

Ndugu Mhariri,

Nalinunua gazeti lenu kila Jumapili, huu mwaka wa 18, na sijawahi kuwaandikia. Uhakiki wa sinema mlioutoa wiki iliyopita umenishinda. Mhakiki wenu alitaja kasoro karibu zote, tena kwa haki, halafu akafika aya ya mwisho akazifuta kwa sentensi moja: kwa bajeti waliyokuwa nayo, wamejitahidi. Nyota tatu na nusu.

Wamejitahidi! Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtoto wa darasa la pili aliyeshika nafasi ya 40, ili asilie.

Ukosefu wa fedha ni hoja, sikatai. Kundi lisilo na kitu haliwezi kufunga Barabara ya Morogoro asubuhi, wala kuwavalisha watu 300 mavazi ya mwaka 1964. Atakayewakata alama kwa hayo anawaonea. Lakini turudi kwenye lile tukio la sebuleni, mama na binti wanagombea hati ya nyumba, ambalo ndilo moyo wa hadithi yote. Maneno yamezama kwenye mngurumo. Ukumbini watu wa viti vya nyuma walikuwa wakiulizana “kasema nini?”, na kabla hawajajibiwa binti kashatoka na begi lake. Kiingilio walilipa kile kile, hawakupunguziwa kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo.

Mngurumo ule ni friji na feni ya dari. Feni inaonekana kabisa kwenye picha, inazunguka! Kuizima ni bure. Friji nayo unaichomoa, na ili usiisahau chakula cha watu kikaharibika, unaweka funguo za gari ndani yake. Hutaondoka bila kuichomeka tena. Pili, sauti ile ilichukuliwa na maikrofoni ya kamera yenyewe, na kamera ilikuwa mlangoni, mita tatu au nne kutoka kwa waigizaji. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti ya mdomo inashuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele za chumba zinabaki pale pale, kwa hiyo mhariri wa sauti akipandisha maneno anapandisha na friji. Dawa yake ni kuisogeza maikrofoni iwe nusu mita juu ya kichwa cha msemaji, nje kidogo ya picha, hata kama imefungwa kwenye mpini wa fagio, au kumbandikia kifuani ile ndogo ya waya na kurekodi kwa simu iliyo mfukoni mwake. Kila kamera inapoanza kurekodi, mtu anapiga makofi mara moja mbele ya kamera, na kwenye kompyuta unalinganisha mlio na mikono inapokutana. Tandika mablanketi sakafuni na uyatundike kwenye ukuta usioonekana, maana sebule zetu za vigae na saruji zinarudisha mwangwi kama bafu. Mwisho, kabla hamjafungasha, wote wanyamaze na mrekodi chumba kitupu kwa sekunde 30 au dakika nzima. Kimya hicho ndicho kinachozibia mapengo kati ya vipande. Wao hawakukirekodi, ndiyo maana kila binti anapomaliza kusema chumba kizima kinakufa ghafla, kisha kinafufuka mama akifungua mdomo. Nitajieni, Mhariri, ni kipi kati ya hivyo kilichohitaji mfadhili.

Ile mistari myeusi iliyokuwa ikipanda ukutani kwenye tukio la ofisini, ambayo mhakiki wenu aliisamehe kama “changamoto ya vifaa”, nayo si vifaa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya tyubu inapepesa mara mbili kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu (picha) 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya sekunde 1/60, mpangilio wa kule Marekani kwenye umeme wa hezi 60, kamera na taa haziendi pamoja na mistari inatembea. Weka fremu 25 na shata 1/50, imekwisha. Uso wa bosi ulikuwa nusu bluu nusu njano kwa sababu dirisha la mchana na balbu ya mezani vilimulika pamoja. Ama ufunge pazia, ama uzime balbu.

Watu wakiishiwa hoja hutaja sinema ya El Mariachi ya mwongozaji Robert Rodriguez, ya mwaka 1992, iliyopigwa kwa takriban dola 7,000. Husahau kwamba studio ya Columbia ilitumia zaidi ya hapo kuiandaa kwa ajili ya kumbi. Husahau pia alivyofanya kazi. Kamera yake ilikuwa na kelele, basi alipiga picha bila sauti, kisha akawataka waigizaji warudie maneno papo hapo mbele ya kinasa sauti. Midomo ilipoanza kuachana na maneno, alikata akaonyesha kitu kingine, hata mbwa. Upungufu wake aliujua ulipo akaupangia njia kabla haujamfikia. Na jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, waliotoa sinema ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, wanachonga bunduki za kuigizia kwa vyuma chakavu na mtazamaji anacheka pamoja nao, kwa kuwa sinema yenyewe imemwambia mapema tunacheza mchezo gani. Sinema mliyoihakiki wiki iliyopita ilitaka tutoe machozi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha nani aliyaandika? Mama anasema “umenivunjia heshima”, chini yanapita maneno ya mtu aliyevunja chombo. Mistari inafika minne na inatoweka kabla jicho halijafika katikati. Kanuni ni mistari miwili, herufi zisizozidi 42 au karibu na hapo kwa kila mstari, na sentensi kamili ikae walau sekunde mbili au tatu. Mwalimu mmoja wa sekondari angezimaliza dakika zote 90 kwa siku mbili tatu, kwa nauli na chai. Halafu tunashangaa matamasha ya nje hayatuiti.

Pendekezo langu ni dogo. Mhakiki wenu aende ukumbini na kitambaa, ajifunge macho dakika 10 za kwanza asikilize tu. Akiweza kueleza nani kamwambia nani nini, afungue macho aendelee kutazama. Akishindwa, arudishiwe kiingilio, na sisi pia. Akitaka kutaja bajeti, ataje na matumizi yake: siku ngapi za kupiga picha, taa ngapi, na nani alikuwa kazi yake ni sauti peke yake. Kila mnapochapisha neno “wamejitahidi”, gazeti linunue maikrofoni moja ya waya na kumpelekea mwongozaji aliyesifiwa. Kwa kasi mnayokwenda nayo, kufikia Desemba kila kundi la jijini litakuwa na mbili.

Msomaji wenu wa kiti cha nyuma,
Tabata, Dar es Salaam