Pipa la asidi lisigeuzwe chombo cha maji

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme jambo kuhusu mapipa ya bluu ya lita 200 yanayouzwa kandokando ya barabara zetu hapa Lubumbashi. Ni parsele (viwanja vya nyumba) chache zisizo na pipa kama hilo. Maji ya bomba yakikatika, pipa ndilo linalotuvusha, na simlaumu mama yeyote anayelinunua. Kinachonikera ni kwamba kabla ya kufika kwake, mengi ya mapipa hayo yalivuka bahari yakiwa na kemikali za migodini, chini ya ulinzi mkali wa sheria, kisha ulinzi huo ukayaacha mara tu yalipofika kwetu.

Mimi ni deklaranti, yaani wakala wa kutoa mizigo forodhani. Kila siku nashika karatasi za soda kaustiki, asidi na dawa za kuchambulia madini zinazoshushwa Dar es Salaam, Durban au Beira, zikapanda kamyo hadi Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia. Baharini mzigo wa namna hiyo haupakiwi kwa kuaminiana. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina kanuni za bidhaa hatari zinazoitwa kwa ufupi IMDG, na tangu 1 Januari 2004 kuzifuata ni lazima. Kila kemikali ina namba yake: asidi ya salfuriki 1830, soda kaustiki ya maji 1824, sianidi ya sodiamu 1689. Anayetuma mzigo anatia sahihi kwamba ametaja kilichomo kwa jina lake halisi. Aliyepakia kontena naye anatia sahihi yake. Nahodha anakuwa na orodha inayomwonyesha kila kimoja kimewekwa wapi, na asidi hairuhusiwi kukaa karibu na sianidi, kwa sababu vikikutana hutoa gesi inayoua kwa dakika chache.

Ukali huo una sababu. Mwezi Mei 2021 meli X-Press Pearl ilishika moto karibu na Colombo, Sri Lanka, ikiwa na makontena 1,486. Ndani yake mlikuwa na tani 25 za asidi ya nitriki, na kontena moja la asidi hiyo lilikuwa limeanza kuvuja siku kadhaa kabla ya moto. Bandari mbili, moja Qatar na nyingine India, hazikukubali kulishusha. Meli ikaungua kwa siku nyingi, ikazama, na fukwe zikajaa chembe za plastiki na samaki waliokufa. Wavuvi wa pale, ambao hawakuwa na hata lita moja ya asidi hiyo, walizuiwa kuvua.

Sasa turudi kwenye pipa. Kwenye plastiki yenyewe pamechapwa alama ambayo wanunuzi wengi hawajawahi kuitazama: duara dogo lenye herufi u na n, halafu maandishi kama 1H1/Y1.9. Hiyo 1H1 maana yake ni pipa la plastiki lililofungwa juu. Y inaonyesha ukali wa bidhaa linayoweza kubeba, na 1.9 ni uzito wa juu kabisa wa kimiminika linachoweza kubeba, ukilinganishwa na maji. Asidi kali ya salfuriki ina 1.84, kwa hiyo pipa la 1.2 halifai kuibeba. Kuna pia tarehe ya kutengenezwa. Kwa kawaida miaka 5 ikipita tangu tarehe hiyo, pipa la plastiki haliruhusiwi tena kubeba kemikali hatari, maana plastiki huchoka. Huku kwetu pipa la umri huo ndilo linaloanza kazi ya kuwekea watoto maji.

Na kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mfanyabiashara wa kemikali aijue kama anavyojua bei ya dola. IMDG inasema chombo kitupu ambacho hakijasafishwa kihesabiwe kama chombo kilichojaa. Lebo zake zinabaki, na kinaendelea kutendewa kama mzigo hatari mpaka hatari iliyomo iondolewe. Hakuna nahodha anayekubali kukipakia kama takataka. Lakini chombo hichohicho kikitoka kwenye depo hapa mjini, kinauzwa kwa rejareja bila swali.

Juzi katika soko la Kenya, komine yetu hapa Lubumbashi, nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akipatana bei. Kijana akamwambia, "Mama, iko safi, tulisha kuiosha na sabuni." Pipa lilikuwa limekatwa juu kwa msumeno ili ndoo ipite. Ubavuni palibaki kipande cha lebo, ile nusu nyeusi ya chini yenye tarakimu 8 nyeupe. Nusu ya juu, yenye picha ya matone yanayotoboa mkono na chuma, ilikuwa imekwanguliwa. Yaani sehemu ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa ndiyo iliyoondolewa. Nilimwambia mama maana ya ile 8, yaani kitu kinachobabua ngozi na kula chuma, akaliacha. Kijana alikasirika, na namwelewa, kwa sababu alilinunua kwa pesa yake na yeye pia hakuelezwa lilibeba nini.

Sabuni haitoshi. Soda au asidi iliyobaki kwenye mikunjo ya pipa inaweza kuoshwa na mtu aliyefundishwa, mwenye glavu na mahali pa kumwagia maji machafu, si pembeni ya mfereji wa mtaa. Ila vile vimiminika vya jamii ya mafuta vinavyotumika kutenga shaba huingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo kwenye maji. Pipa la namna hiyo lisiwekwe maji ya kunywa kabisa, hata lingeoshwa mara ngapi.

Siombi vijana wa soko wafukuzwe. Naomba kazi ianzie kwa yule anayeagiza mzigo: mkataba wake useme mapipa matupu yatakwenda wapi, na depo iyaandike yakitoka kama ilivyoyaandika yakiingia. Yasiyorudishwa yatobolewe kabla ya kuvuka geti, ili plastiki yake iuzwe kwa kilo tu. Ofisi zinazokagua bidhaa zikiingia nchini zinajua ni mapipa mangapi yamepita mpakani, kwa hiyo zinaweza pia kuuliza yameishia wapi. Watakaosema ni gharama kubwa waihesabu pamoja na bei ya mzigo, kama wanavyohesabu bima na usafiri.

Kwenu, Bwana Mhariri, nina ombi moja. Chapeni ukurasa wenye picha za lebo za hatari, zile zenye umbo la almasi, pamoja na maelezo kwa Kiswahili na Kifaransa, ukubwa ambao mtu anaweza kuukata na kuubandika sokoni. Maelezo ya kila lebo nitayaandika mimi bila malipo, na naweza kuyaleta ofisini kwenu wiki hii.

Deklaranti, komine ya Kenya, Lubumbashi